Springi ya Bwana Tovuti

Mimi sichukii tovuti. Naanza na hilo kwa sababu pale shuleni wameshanipa sifa ya kizee anayepigana na kompyuta, na watu wakishakupachika jina, hata ukikohoa watasema unaikohoa kompyuta. Nimefundisha fizikia tangu enzi za chaki kutupaka vumbi mpaka kwenye kope. Siku nilipoiona kwa mara ya kwanza tovuti inayoonyesha mawimbi yakipishana, polepole, moja likipanda mgongoni mwa jingine, nilitamani kulia. Miaka yote nilikuwa nayachora ubaoni kwa mkono, na nusu ya darasa wanaona nyoka wawili wanagombana. Kwa hiyo tusisingiziane. Ninachokichukia ni ujinga uliovaa tai.

Ujinga wenyewe ulianza mkuu wa shule alipopata kompyuta za msaada, akahitaji pa kuziweka. Chumba chenye meza imara, soketi na dirisha la nondo kilikuwa kimoja tu, maabara ya fizikia. Vifaa vikatiwa kwenye maboksi, maboksi yakapelekwa stoo, nyuma ya vyoo, chini ya bati linalovuja. Nilisema mpaka mate yakanikauka. Mkuu akanipigapiga begani kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani.

"Mwalimu, dunia inakwenda mbele. Majaribio yote yamo mle ndani ya mtandao. Hayavunjiki, hayaibiwi, hayaoti kutu."

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nikaondoka zangu.

Na kila kipya kina mganga wake. Wa kwetu alikuwa mwalimu mwenzangu wa fizikia, kijana mwembamba wa mashati ya kubana, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Tovuti. Nataka nimchukie vizuri lakini ananishinda. Ana adabu, ananiita dada, mvua ikinyesha ananibebea mkoba mpaka getini. Ila imani yake ilikuwa moja, kwamba kilichomo kwenye skrini ndicho chenyewe, na huku nje sote ni nakala mbaya.

Jaribio alilolipenda kuliko yote lilikuwa la springi. Kwenye ile tovuti springi inaning'inia, unaburuta jiwe la mizani kwa kipanya, unalitundika, springi inavutika, na rula ya pembeni inajisoma yenyewe. Jiwe la kwanza, sentimita nne. La pili, nane. La tatu, kumi na mbili. Kisha grafu inajichora, mstari umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Tovuti nzuri, nasema kweli, ya kumwonyesha mtoto wazo lenyewe kabla hajashika kitu. Lakini Bwana Tovuti hakuwaonyesha wazo, aliwaimbisha. Ukipita koridoni unasikia darasa zima: nne, nane, kumi na mbili, kumi na sita! Kama wako kwaya.

Katika darasa hilo alikuwamo binti wa dada yangu. Nyumbani tunamwita Chiriku, maana tangu amejua kusema hajafunga mdomo. Tunaishi nyumba moja, mimi, dada na yeye, vyumba viwili na baraza ambayo dada, kwa kuwa ni fundi cherehani, ameigeuza karakana. Cherehani ikigoma, Chiriku ndiye anayeifungua, anaitandaza vipande kwenye kanga, anaisikiliza kama daktari, halafu anairudisha. Alikuwa na nia moja tu maishani, chuo cha ufundi wa mashine za hospitali. Na chuo hicho hakina mjadala, hujafaulu fizikia pamoja na mtihani wa vitendo, usibishe hodi.

Siku moja tunakula, akaniuliza, "Mama mdogo, ile springi ya kwenye kompyuta, nimeitundikia mawe mpaka yamekwisha. Mbona haikatiki?"

"Haikatiki ile."

"Sasa hiyo ni springi au ni mwanasiasa?"

Dada alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilicheka pia, lakini swali lilinikaa. Kesho yake baada ya vipindi nikachukua ufunguo wa stoo, nikaenda naye. Tukafungua boksi. Springi zimeota kutu, nyingine zimelegea kama mpira wa soksi kuukuu. Tukaning'iniza moja kwenye msumari, tukaitundikia mawe ya mizani, yeye akashika rula. Jiwe la kwanza, tano na nusu. La pili, tisa. La tatu, kumi na nne na kitu. Chiriku akakunja uso.

"Imekosea hii."

"Nani kakosea?"

"Springi."

"Springi haikosei, mwanangu. Springi haijaenda shule. Inafanya inachoweza kwa hali iliyonayo. Wewe andika ulichokiona, halafu utafute kwa nini. Hiyo ndiyo fizikia. Mengine ni kukariri."

Alipima tena. Akapima nyingine. Akaanza kuuliza kutu inafanya nini kwenye chuma, kwa nini iliyolegea haifuati mstari, kwa nini hii inarudi na ile hairudi. Tulitoka mle stoo tumechafuka mpaka masikioni, na yeye anaruka. Mwenye macho haambiwi tazama, nikajisemea, huyu ana macho. Nilijivuna, ndiyo. Ningekosaje kujivuna?

Sasa nieleze kanuni moja ya mtihani wa vitendo, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotupata. Kila shule inatumia springi zake, na springi za shule hii si za shule ile. Msahihishaji yuko mbali, hazijui. Kwa hiyo asubuhi ya mtihani, kabla watoto hawajaingia, msimamizi analifanya lile jaribio yeye mwenyewe, kwa springi zilezile, kisha vipimo vyake vinafungwa pamoja na karatasi za watoto. Msahihishaji akiona msimamizi kapata tano na nusu, anajua hata mtoto aliyepata tano na nusu yuko sawa. Kanuni nzuri, imetungwa na mtu mwenye akili. Kanuni ya pili, mwalimu mwenye ndugu kati ya watahiniwa hakanyagi chumba cha mtihani. Nayo nzuri. Basi mimi nikakaa pembeni, na msimamizi akawa Bwana Tovuti.

Siku hiyo maboksi yalitolewa stoo, springi zikafutwafutwa kwa tambara, zikapangwa mezani. Chiriku alirudi nyumbani mchana, hata begi hajatua.

"Mama mdogo, wameleta springi! Zilezile!"

"Enhe?"

"Lakini wenzangu wengi hata hawakuzitundikia kitu. Wametazama tu, wakaandika nne, nane, kumi na mbili. Mmoja kaniambia, we unahangaika nini, si tunaijua hii?"

"Lo! Kana kwamba springi zote duniani zimezaliwa na mama mmoja."

"Mimi yangu ilianza sita. Grafu ikapinda mwishoni. Nikaeleza kabisa, springi hii imechoka, imevutwa kupita kiasi siku za nyuma." Ndipo akatua begi. "Nimefanya vizuri?"

"Umefanya kama mwanasayansi. Wenzako wameula wa chuya."

Nilisema hivyo. Nikamkaangia mayai mawili, nikamwongezea na la tatu.

Matokeo yalipotoka, mkuu wa shule alitundika bango getini. Darasa lile lilikuwa limefaulu fizikia kuliko lolote tangu shule ijengwe. Wazazi walikuwa wanakumbatiana pale nje. Chiriku alisoma matokeo yake kwenye simu ya mama yake, akasoma tena, akampa mama yake asome, kana kwamba macho ya mtu mwingine yangebadilisha kitu. Nadharia alifanya vizuri. Vitendo alipata sifuri. Fizikia, amefeli.

Dada hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mguu juu ya pedeli, akaniangalia.

"Mdogo wangu, wewe si ndiye mwalimu wa fizikia? Mtoto anakula sahani moja na mwalimu, anafeli somo la mwalimu?"

"Dada, kuna kitu hakiko sawa."

"Kitu gani? Wote wamefaulu. Mpaka yule mtoro."

Nikaenda kulitafuta jibu.

Nilimkuta Bwana Tovuti kwenye ofisi ya walimu, amenunulia watu biskuti, chai inamiminwa, kila mtu anampongeza. Akanikaribisha kiti. Nikamwambia nimesimama vizuri.

"Asubuhi ile ya mtihani, springi zako zilisomaje?"

"Springi zipi, dada?"

"Za mtihani. Vipimo ulivyofunga pamoja na karatasi za watoto."

"Aa!" Akacheka. Alikuwa na chembe za biskuti kwenye ndevu. "Zile takataka? Nilijaribu moja, jiwe likaniangukia mguuni. Nyingine ikanipa sita. Sita wapi na wapi? Nikaona isiwe tabu, nikaingia kwenye tovuti nikalifanya huko. Nne, nane, kumi na mbili, safi kabisa. Si wanataka majibu sahihi?"

Wallahi, hakuwa anaficha. Hakujua kwamba kuna cha kuficha. Ofisi nzima ilikuwa inasikiliza na hakuna aliyeshtuka, mwalimu wa historia akaomba sukari. Nikakaa kwenye kile kiti nilichokikataa.

"Ulitakiwa uwaambie wasahihishaji springi zetu zinasoma nini," nikamwambia. "Zetu. Mbovu hivyohivyo. Ili mtoto aliyepima kweli ajulikane kuwa amepima kweli."

Nilimwona jinsi linavyomwingia, polepole, kama maji kwenye kiatu. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo mtoto wa dada yako..."

"Ndiyo. Alipata sita. Kama wewe."

Msema kweli mpenzi wa Mungu, sawa, lakini karatasi za fizikia hasahihishi Mungu. Huko mbali msahihishaji aliona shule yenye springi nzuri kuliko zote, watoto wote hodari, na mmoja tu mzembe, hajui hata kushika rula, tena ana mdomo, anaisingizia springi kwamba imechoka. Akampa anachostahili. Ningekuwa mimi ningempa hichohicho.

Nikaenda kwa mkuu wa shule nikiwa nimeshapandwa na hasira. Nikamwambia yote. Alinisikiliza, akainuka, akafunga mlango.

"Unataka nini, Mwalimu?"

"Ukweli upelekwe kunakohusika. Karatasi yake isahihishwe upya."

"Ukweli ukipelekwa hawatasahihisha upya karatasi moja. Msimamizi hakufanya jaribio, watoto wameandika vipimo ambavyo hawakupima. Watafuta mtihani wa chumba kizima. Wa kwako hapati kitu, na wote wale wanapoteza. Wengine wameshapata vyuo." Akakaa. "Wale nao ni watoto wa watu. Wamefanya walivyofundishwa."

"Na wangu?"

"Na wako amefanya alivyofundishwa."

Ningemtupia kalamu zake zote usoni. Kilichonikera zaidi ni kwamba hakuwa anasema uongo.

Jioni ile tulikaa barazani, watatu, vitambaa vya watu vimetuzunguka. Niliwaeleza neno kwa neno. Dada hakufikiri hata kidogo.

"Peleka. Kama wangu kakosa kwa kusema kweli, basi na waliosema uongo wakose. Hatuwezi kuwa sisi tu wajinga."

"Nitapeleka kesho," nikasema. Nilitaka. Sijawahi kutaka kitu vile. Nilishaanza hata kupanga maneno.

Chiriku alikuwa anafunga na kufungua skrubu ya cherehani, hatuangalii.

"Rafiki yangu wa dawati moja amepata ualimu," akasema. "Mama yake ameshamnunulia sanduku. Jana alinionyesha. Nikamfutie?"

"Hakupima yule," nikamwambia. "Aliandika tu."

"Hakupima kwa sababu hakuna aliyemfundisha kupima. Mimi nilifundishwa." Hakulisema kwa ubaya. Ningefurahi lingekuwa la ubaya, ningejua pa kulijibu. "Msiende popote. Nitarudia mwaka kesho."

Dada alimlilia, alimgombeza, akamwita mpumbavu mwenye moyo mzuri. Mtoto akashikilia hapohapo. Alikuwa mtu mzima kisheria, mtihani wake, jina lake. Karatasi niliyotaka kuandikia barua nikaiacha tupu mezani.

Bwana Tovuti alikuja nyumbani wiki hiyo. Alivua viatu mlangoni, akamwomba dada yangu radhi huku macho yamemlowa, na dada, ambaye alikuwa ameapa kummwagia maji machafu, akajikuta anamletea kiti. Akaahidi atamfundisha Chiriku bila malipo mwaka mzima. Nikamwambia sitaki umfundishe, nataka upime springi. Akaweka mkono kifuani.

"Nitapima, dada. Nakuapia."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hiyo ya kwetu ilikuwa barabara ya lami. Kabla mwaka haujafika nusu, Bwana Tovuti alifanywa mkuu wa idara, akawa anatumwa shule nyingine kuonyesha namna ya kufaulisha fizikia kwa tovuti. Nilidai maabara irudishwe, nikaambiwa shule yenye matokeo kama yetu haiwezi kurudi nyuma. Nilidai msimamizi abadilishwe, nikaulizwa kwa kosa gani. Lipi? Lile ambalo sisi wenyewe tulikubali kulimeza? Nikafyata.

Na Chiriku akawa anakaa chumba cha kompyuta kila alasiri. Mwanzoni nilimwita stoo. "Twende tukapime, nimepata springi mpya mbili, nimenunua mwenyewe." Akasema anakuja. Hakuja. Mara ya pili akasema amechoka. Nikimpitia dirishani namwona anaburuta mawe kwa kipanya, anatundika, anaandika, anafuta, anatundika tena, midomo inamcheza.

Siku ya mtihani wa kurudia alirudi mapema mno. Akanawa mikono, akakaa, akavuta sahani.

"Ilikuwa nini?" nikauliza.

"Springi tena. Safari hii mbili zimeunganishwa."

"Enhe, zilikuwaje? Zilitofautiana? Ya chini ilivutika sawa na ya juu?"

"Sijui, mama mdogo. Sikuziangalia."

Nikadhani anatania, maana ni mtu wa utani.

"Hukuziangalia vipi? Bwana Tovuti ameniapia mbele ya mama yako kwamba atapima. Kama amepima kweli, na wewe umeandika ya kwenye kompyuta, si umekwisha?"

"Niliandika nane, kumi na sita, ishirini na nne." Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akameza. "Nilifika alfajiri, kabla ya wote. Nikakaa nje ya stoo nimwangalie yeye. Hakwenda stoo. Alikwenda moja kwa moja chumba cha kompyuta, akawasha, akaandika, akatoka. Basi nikajua."

Matokeo yalikuja na alama ya juu kabisa. Dada alimnyanyua juu yule binti mkubwa kama mtoto mchanga, akalia, akaniita na mimi nije nikumbatiwe. Nilikwenda. Nilifurahi pia, nisijifanye mtakatifu, kile chuo ndicho tulichokuwa tunakitaka na sasa kimefunguka. Bwana Tovuti alituma ujumbe wa pongezi. Wala hakukumbuka kiapo chake.

Anaondoka wiki ijayo. Atafundishwa kuhakiki mashine zinazopima pumzi na mapigo ya moyo ya wagonjwa, aone kama zinasema kweli, kisha aweke sahihi. Jana nilimsaidia kukunja nguo, na nikashindwa kujizuia.

"Mwanangu, ukiwa hospitali, kitabu kinasema mashine isome kumi, wewe ukaiona kwa macho yako inasoma saba. Utaandika ngapi?"

Akalipanga shati lake vizuri kwenye begi, akalilaza kola.

"Itategemea," akasema, "nani anasahihisha."